Feni Kutoka Kasulu

Kuna harufu moja ambayo wengi wenu mtakuwa mmeinusa bila kuipa jina. Ni harufu ya vumbi linaloungua polepole ndani ya kompyuta ya zamani: kavu, kali kidogo puani, inafanana na ya pasi ya umeme iliyowashwa baada ya kukaa kabatini muda mrefu. Wiki chache zilizopita nilikuwa ofisini kwangu hapa Kasulu, mashine ya mwenzangu wa meza ya pili ikaanza kuunguruma, kisha ikazima, na harufu ile ikanijia. Mwenzangu akaanza kulalamika kuhusu kazi ambayo hakuwa ameihifadhi. Mimi sikumsikia vizuri. Nilikuwa nimesharudi Kibondo, niko darasa la nne, nimekaa kwenye kigoda nyuma ya mama yangu, naipepea kompyuta kwa kipande cha boksi la sabuni.

Mama alikuwa na steshenari ndogo, chumba cha mbele cha nyumba yetu kilichotobolewa mlango wa barabarani. Aliuza kalamu na bahasha, alitoa kopi, lakini kazi aliyoipenda ni kuchapa. Kompyuta yake ilikuwa nyeupe hapo zamani. Mimi niliikuta ina rangi ya chai ya maziwa. Watu walimletea barua za maombi ya kazi, risala za harusi, katiba za vikundi vya akina mama, ratiba za mazishi. Walikaa kwenye benchi wakimsomea maneno na yeye akichapa, na kwa kuwa barua ya mtu huwezi kuichapa bila kujua shida yake, Mama alijua mambo ya mji mzima na hakuyasema. Nilipenda kumwangalia. Vidole vyake vilikwenda mbio, uso wake ukatulia kabisa, kama mtu anayesikiliza mvua.

Baba alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari. Alikuwa mtu wa Singida, ajira ndiyo iliyomleta Kibondo akiwa kijana, akamwona Mama, akaoa. Mama yeye alifika Kibondo mgongoni mwa Bibi, wakati Bibi alipovuka kutoka Burundi na watu wengine waliokuwa wakikimbia. Alikulia hapo, akasomea hapo, uraia akaupatia hapo. Bibi aliishi nasi, kwenye chumba cha uani. Kwa hiyo nyumbani kwetu kulikuwa na Kirundi cha Bibi, Kiha cha majirani, na Kiswahili cha Baba kilichonyooka kama rula. Miaka yote ile Baba hakufaulu kusema "mwakeye", salamu yao ya asubuhi, bila lafudhi ya Singida, na wanawake wa sokoni walikuwa wakimsubiri awasalimie ili wapate kucheka.

Mambo yaliharibika siku moja ya kiangazi, asubuhi, dukani. Aliingia Madamu Rehema, mwalimu mwenzake Baba, mwanamke mchangamfu aliyekuwa akileta mitihani yake kutolewa kopi. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi sakafuni nachora.

"Mama Devota," alisema huku akifungua mkoba, "tutakukumbuka sana. Nimesikia mwalimu ameomba kuhamia kwao Singida. Ni vizuri, mtu kukaa karibu na nyumbani."

Niliinua kichwa. Mama alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kopi, mkono wake juu ya kifuniko. Hakugeuka.

"Unataka kopi ngapi?" aliuliza.

Madamu Rehema akataja idadi. Mashine ikaanza kupiga mwanga wake wa kijani, huku na huku, huku na huku, mpaka Madamu Rehema alipochukua kopi zake akaondoka.

Jioni hiyo sikusikia ugomvi. Nilikaa macho kidogo nikiusubiri, kwa sababu niliwahi kuusikia kwa majirani na nilijua unavyokuwa. Kwetu haukuja. Kulikuja kitu kingine ambacho sikukijua: Mama na Baba waliacha kusemezana. Hawakununa mbele ya watu. Walikula meza moja, walikwenda kanisani pamoja. Ila maneno yao yote yalianza kupitia kwangu.

"Devota, mwambie baba yako maji ya kuoga yako tayari."

Baba alikuwa amekaa hatua chache kutoka hapo, akivua viatu.

"Baba, maji ya kuoga yako tayari."

"Mwambie mama yako nimesikia."

Nilifanya kazi hiyo kwa bidii, maana mwanzoni nilijiona mtu mkubwa. Baadaye ikaanza kunichosha. Bibi alitutazama siku moja wakati wa chakula, akatikisa kichwa. "Huyu mtoto," akasema kwa Kiswahili chake, "mmemgeuza simu." Baba alicheka kidogo, Mama hakucheka, na mimi nikapeleka chumvi.

Katika siku hizo hizo kompyuta nayo ikaanza kuumwa. Ilikuwa ikiwaka vizuri, Mama akichapa ukurasa mmoja au mbili inaunguruma, inanyamaza, kisha inazima yenyewe na kioo kinabaki cheusi. Mama alifungua ubavu wa sanduku, lile ambalo sote tuliliita sipiyu, na tukaona vumbi jekundu la Kibondo limejaa humo kama ugoro. Katikati kulikuwa na kifeni kidogo kilichotakiwa kuzunguka. Kilijaribu, kikatetemeka, kikakwama. Ndipo nikapewa kigoda na kipande cha boksi. Mama alichapa asubuhi na mapema, wakati baridi bado ipo, nami nikapepea kwa nguvu zangu zote. Tulimaliza hivyo ratiba ya kipaimara ya kanisa zima. Bibi alikuja akaweka kiganja juu ya sanduku kama anavyoshika paji la uso la mtoto. "Ana homa," alitangaza. "Mwache alale."

Fundi wa Kibondo alikuja, akakitoa kile kifeni, akakizungusha kwa kidole, akasema kimekufa na pale mjini hakuna kingine. Ingebidi kiagizwe mbali, na hakujua lini kingefika. Alipokwisha kuondoka Baba akaingia dukani, akaitazama kompyuta, akasema, safari hii bila kunitumia mimi, lakini pia bila kumtazama Mama:

"Imezeeka hiyo. Labda tusiihangaikie."

Nadhani alitaka kumpunguzia Mama mzigo. Lakini niliona shingo ya Mama inavyokakamaa. Hata mimi, na utoto wangu, nilijua kwamba ile kompyuta ikifa, duka linabaki la kalamu na bahasha, na mtu mwenye duka la kalamu na bahasha anaweza kuambiwa afunge ahame kesho yake.

"Mwambie baba yako," Mama alisema, "kesho mimi na wewe tunakwenda Kasulu."

Tuliondoka na gari la asubuhi. Shule zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa nimevaa sweta la sherehe, na sanduku la kompyuta lilikuwa miguuni petu limefungwa kwenye kitenge kama mzoga wa mbuzi. Barabara ilikuwa ikitengenezwa siku hizo. Mara lami, mara vumbi, mara kijana mwenye bendera nyekundu anatusimamisha ili katapila lipite. Mama alitazama nje njia nzima. Tulipoanza kuona mashamba ya ndizi ya kukaribia Kasulu akaniuliza, kama anayeuliza jambo dogo tu:

"Ungependa kukaa Singida?"

Nilifikiri. "Bibi atakuja?"

Alinifunga kifungo cha juu cha sweta, ambacho kilikuwa tayari kimefungwa, akakifungua, akakifunga tena.

Fundi Eliya alikuwa na banda nyuma ya soko la Kasulu. Ndani mlikuwa na kompyuta zilizokufa zimepangwa mpaka darini, nyingine hazina uso, nyingine hazina tumbo, na katikati yake kijana mwenye kofia ya sufu aliyekuwa akila muhindi wa kuchoma. Alifungua sanduku letu, akapiga mluzi.

"Mama, hii mmeilimia? Udongo wote huu."

Mama akacheka. Nilishtuka kuusikia mcheko wake, ulikuwa umepotea wiki nzima.

Eliya alitafuta kwenye mabaki yake, akatoa bamba nene la alumini lenye mapezi mengi membamba, na juu yake feni kubwa kuliko yetu. Alieleza kwamba ile tuliyozoea kuiita sipiyu ni sanduku tu. Yenyewe hasa ni kile kipande kidogo cha mraba kilichofichwa chini ya bamba, prosesa, ndicho kinachofikiri, na kikifikiri kinapata moto. Bamba linaunyonya ule moto, feni inaupeperusha. Akawa na moja tu la kusikitika: feni hiyo ilitoka kwenye mashine ya aina nyingine. Ingeingia freshi tu, alisema, matundu yanalingana, ila ilifungwa kwa skrubu na kibati cha nyuma, na ili kuifunga lazima bodi yote, ile iliyobeba prosesa, itoke kwenye sanduku.

"Ningekufungia mwenyewe hapa hapa, mama yangu, ila leo soko zima halina umeme, siwezi kuijaribu, na kesho nasafiri. Nenda nayo. Si kazi ngumu, ila ni kazi ya watu wawili. Mmoja anabana kibati kwa nyuma asikiachie, mwingine anakaza kwa mbele. Shemeji yupo nyumbani?"

"Yupo," Mama alisema, kwa sauti ya mtu anayejibu swali jingine.

Eliya akaanza kutoa maelekezo. Niliona Mama hasikilizi. Macho yake yalikuwa kwenye feni lakini yeye mwenyewe hakuwapo. Eliya naye aliona, akanigeukia mimi.

"Mdogo wangu, shika wewe. Kwanza mnafuta ule uji mkavu juu ya prosesa kwa pamba na spiriti. Kisha pesti mpya, kiasi cha punje ya mchele, isizidi. Kisha bamba. Skrubu unakaza kidogo kona hii, halafu kona ya mkabala, halafu hii, halafu ile. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, bamba linaelemea, prosesa inapasuka. Sema."

Nilisema. Akanisahihisha. Nikasema tena mpaka muuza mitumba wa jirani akawa anaitikia pamoja nami. Tulikula ugali wa muhogo na samaki wa migebuka kwa mama ntilie, tukarudi Kibondo, na njia nzima midomo yangu ilikuwa ikicheza: pamba, spiriti, punje ya mchele, kona ya mkabala.

Mama alijaribu kwanza bila Baba. Nataka mjue hilo. Jumamosi mchana alitandika shuka juu ya meza ya kulia, akatoa bodi kwa uangalifu mkubwa, kila waya akiufunga kijiuzi cha rangi yake ili ajue ulikotoka, akanipa kibati nishike. Mikono yangu ilikuwa midogo; alipogusa skrubu ya kwanza tu kikaponyoka. Tukamwita Bibi. Bibi alikishika kwa mikono miwili, ikawa inatetemeka, na kadiri alivyojikaza ndivyo ilivyotetemeka zaidi, mpaka akakiweka mezani mwenyewe na kujifuta viganja kwenye kitenge. Mama akafunika kila kitu kwa shuka.

Jumapili tulirudi kutoka kanisani, tukala. Baba akachukua gazeti. Mama alikaa akiitazama ile shuka, kisha akaniambia:

"Mwambie baba yako ninahitaji mikono."

Sikuwa na haja ya kumwambia. Baba alikuwa ameshalikunja gazeti. Alitoka uani, nikasikia akinawa kwa sabuni, akarudi mikono ikiwa bado inachuruzika maji, akaikausha, akasimama mbele ya Mama.

"Nishike wapi?" alimuuliza.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya Madamu Rehema kuwasikia wakizungumza ana kwa ana. Nilisimama kichwani mwa meza, nikasafisha koo, na kwa nusu saa iliyofuata niliwaamuru wazazi wangu kwa namna ambayo sijawahi kupewa nafasi ya kurudia. Mama alifuta prosesa kwa pamba na spiriti mpaka ikang'aa kama uso wa mtoto aliyetoka kuoga. Niliposema punje ya mchele, Bibi akainuka akaenda jikoni, akarudi na punje moja ya mchele kwenye kiganja, akaiweka mezani ili Mama alinganishe. Mama alilinganisha. Baba aliinamisha kichwa na kusema pesti imezidi kidogo. Mama akaipunguza.

Kisha bodi ikasimamishwa wima katikati ya meza. Baba aliinama upande wake akabana kibati kwa nyuma, Mama akainama upande wake na bisibisi. Ilikuwa kati yao kama ukuta mdogo. Baba hakuuona uso wa Mama na Mama hakuuona wake. Mimi peke yangu niliyeshika tochi ndiye niliyewaona wote.

"Umeshika?" Mama aliuliza.

"Nimeshika."

"Usiachie mpaka nikuambie."

"Siachii."

Skrubu ya kwanza ikaingia. "Kidogo tu, Mama," nikasema. "Sasa kona ya mkabala."

Alizungusha bisibisi. Halafu, bila kuinua kichwa, akasema, "Madamu Rehema alijua kabla yangu."

Baba hakusogea. Asingeweza; angesogea kibati kingeanguka na kazi yote ingeanza upya.

"Si mimi niliyemwambia. Aliliona jina langu ofisini."

"Hilo siulizi. Nauliza kwa nini mimi sikujua."

Bibi alikuwa mlangoni akichambua maharage, nikasikia maharage yanasimama.

"Niliogopa," Baba alisema. "Niliogopa utakataa. Nikasema niombe kwanza, pengine watakataa wao, tusiwe tumegombana bure."

"Na kama wangekubali?"

"Sikufika huko kufikiri."

"Ulifika. Wewe ni mwalimu wa hesabu."

Bibi akakohoa. Nilimfahamu, hicho kilikuwa kicheko.

"Mama yangu kule Singida haoni tena," Baba akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilipokwenda mara ya mwisho alinishika uso kwa mikono ndipo akajua ni mimi. Dada naye ameolewa mbali. Nikarudi huku, na nikisimama darasani kuandika ubaoni namwona anapapasa ukuta, anatafuta mlango wa nyumba yake mwenyewe."

Bisibisi ilisimama.

"Hukuniambia hilo."

"Ningekuambiaje? Na wewe una mama yako hapa."

Mama alivuta pumzi. Aliposema tena, alisema polepole, kama anavyowasomea wateja barua zao kabla ya kuzichapisha.

"Mimi nililetwa hapa mgongoni. Mama yangu hakuulizwa na mtu. Aliamka, watu wanakimbia, naye akakimbia. Simlaumu yeyote aliyenibeba. Lakini kuhamishwa bila kuulizwa nimeshahamishwa mara moja, Baba Devota. Ukitaka nihame tena, niulize."

"Nikikuuliza ukakataa?"

"Basi utakuwa umejua."

Tochi ilianza kunilemea. Nikanong'ona, "Kona nyingine, Mama," na hakuna aliyenisikia. Baba alikuwa ameliegemeza paji lake la uso kwenye ukingo wa meza, vidole vyake vimekuwa vyeupe kwa kubana.

"Mama Devota," alisema, "ungekuwa tayari twende tukakae Singida?"

Mama akakaza skrubu. Akahamia kona ya mkabala, akakaza. Akarudi, akazungusha ya mwisho mpaka ikagoma.

"Sijui," alijibu. "Nipeleke kwanza nikamwone mama yako. Nikishaona, nitakujibu. Unaweza kuachia sasa."

Baba aliachia. Mikono yake ilikuwa na alama ya kibati, mstari mwekundu katikati ya viganja. Mama aliitazama mikono hiyo, akaushika mmoja, akaukanda kidogo kwa kidole gumba, kisha akakumbuka kwamba mimi na Bibi tupo, akaanza kutafuta waya.

Kompyuta haikuwaka mara ya kwanza. Tulibonyeza, kimya. Baba akasema ngoja, Mama akasema ngoja wewe, wakaanza kuzifuata nyuzi za rangi moja moja, wakibishana kama zamani, wakakuta kuna waya wa kitufe uliokuwa umening'inia bila kwake. Walipouchomeka, feni ya Kasulu ikaanza kuzunguka kwa mlio mpana, wa chini, tofauti kabisa na kile kikohozi tulichokizoea. Mama aliketi akachapa jambo la kujaribia. Tukasubiri izime. Haikuzima. Bibi akaweka kiganja. "Homa imeshuka," akasema kwa Kirundi, akarudi kwenye maharage yake.

Tangu jioni hiyo sikupewa ujumbe mwingine wa kupeleka. Mimi nilikuwa na hakika moja: kompyuta imepona, duka lipo, kwa hiyo hatuhami. Katika akili yangu mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja.

Desemba tulikwenda Singida kusalimia. Bibi mzaa baba alimpapasa Mama usoni, nywele, masikio, akasema kitu kwa Kinyaturu kilichomfanya Baba ageuke kutazama kuku. Mama alimwogesha kila asubuhi tuliyokuwa huko. Jioni walikaa wawili nje ya nyumba wakiongea, mmoja na Kiswahili cha Kigoma, mwingine na Kiswahili cha kuokoteza, na sikujua wanaongea nini. Tulirudi Kibondo. Mvua zikanyesha, zikaisha. Kabla ya kiangazi kingine nikaambiwa tunahama.

Nililia siku nyingi. Bibi alikataa kwenda. Alisema yeye alishatembea safari yake yote na sasa anakaa na mjomba, nyumba ya pili kutoka yetu. Siku ya kuondoka alisimama barabarani na kanga yake ya Jumapili, Mama akamkumbatia muda mrefu, na kompyuta ikapandishwa kwenye basi imeviringishwa blanketi. Mama alifungua steshenari nyingine Singida. Likizo alinileta Kibondo kumwona Bibi. Hakulalamika hata mara moja, na mimi kadiri nilivyokua ndivyo nilivyomkasirikia kwa kutolalamika kwake. Niliona kwamba Jumapili ile ilikuwa maneno tu. Baba alitaka Singida, tukaenda Singida. Mama alisema niulize, akaulizwa, akashindwa. Nilikua na hukumu hiyo, na nilipoajiriwa nikaomba kituo Kasulu, nadhani kwa sehemu ili nimwonyeshe kwamba kurudi kunawezekana.

Mwaka jana alikuja kunitembelea. Tulikuwa jikoni tunamenya ndizi, mvua inanyesha, tunaongea kuhusu Bibi mzaa baba, aliyefariki mikononi mwa wazazi wangu miaka mingi iliyopita. Sijui kwa nini siku hiyo ndiyo nikaweza. Nilimwambia kwamba siku zote nilimwona kama mtu aliyeshindwa.

Aliacha kumenya. Hakukasirika, alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipomwacha mtoto sokoni.

"Hukujua?" aliuliza. "Jumatatu yake, baada ya kufunga ile feni, asubuhi na mapema baba yako alikwenda ofisini akaondoa ombi lake la uhamisho. Kabla sijamjibu. Aliniambia jioni, tuko uani tunaanua nguo. Alisema, sasa hakuna uhamisho tena, ukienda Singida nenda ukamsalimie mama tu."

"Na baadaye?"

"Baadaye nilikwenda, nikamwona. Nikarudi, nikakaa nalo miezi. Nikazungumza na Bibi yako, yeye akasema mwache mjomba wako naye anihudumie, mbona una uchoyo. Kisha mimi ndiye niliyemwambia baba yako aombe upya. Alikataa mara ya kwanza, alidhani ninajilazimisha." Alichukua ndizi nyingine. "Angekuwa hajaliondoa lile ombi, nisingekwenda, Devota. Ningebaki Kibondo mpaka leo, na pengine na wewe ungebaki na nusu ya wazazi."

Nimekuwa nikilifikiria jambo hilo tangu siku ile. Nilikuwapo chumbani, nilishika tochi, nilisikia kila neno lililosemwa juu ya meza, na kwa sababu nilisikia kila neno nikaamini kwamba najua kila kitu. Mtoto huona mizigo inapopandishwa kwenye basi na nani anabaki barabarani anapunga mkono. Mazungumzo ya uani, watu wawili wakianua nguo, mmoja akimwambia mwenzake kwamba amekwenda kufuta kitu alichokitamani sana, hayo hayamfikii. Nilikuwa pengine mita chache kutoka hapo jioni hiyo, nacheza, na nina furaha yangu ya bure kwamba feni inazunguka. Lililotupeleka Singida lilisemwa hapo, kwa sauti ndogo, na nguo zilipoisha kuanuliwa waliingia ndani wote wawili na kutuita tule.